Mwalimu Scholastika Anashuka Kreta

Dar es Salaam
11 Januari 2004

Mjomba Bonaventura,

Shikamoo. Huku hatujambo, ila joto la mwezi huu limezidi na umeme unakatika karibu kila jioni. Mume wangu Gideon anakusalimu. Mtoto ameanza kutembea, anaangusha chochote anachokifikia. Nasikia Richard wako amemaliza chuo, mpe hongera. Mama Richard naye msalimie sana. Mwambie ile asali aliyompa dereva wa basi ilifika, nusu yake.

Najua utashangaa kupata barua wakati namba yangu unayo. Kwenye simu ungeniuliza maswali kabla sijamaliza.

Mama anastaafu mwezi wa sita. Ni miaka thelathini na miwili ya ualimu, yote huko huko Singida alikoolewa. Nilimuuliza anataka zawadi gani. Nilidhani atasema cherehani, au makochi. Akasema, "Nataka kushuka kreta." Amezaliwa hapo Endamarariek, jirani kabisa na kreta, na miaka yote hiyo amewafundisha watoto habari za Ngorongoro kwa chati aliyoichora mwenyewe, lakini hajawahi kutia mguu ndani.

Kwa hiyo nitampeleka, tarehe tano Julai. Chumba nimeshapata kwenye hoteli moja pale juu ukingoni. Nilikitafuta kwenye mtandao hapa ofisini, nikawaandikia kwa barua pepe, kesho yake wakajibu. Hata picha ya kitanda nimeiona. Sina ninachokuomba, mjomba. Nauliza jambo moja tu: ni kweli lami imefika mpaka getini Lodoare, pa kuingilia kreta? Mama anasumbuliwa na mgongo.

Na sikutaka usikie habari hii kwa watu.

Mpwa wako,
Verediana


Karatu
4 Februari 2004

Mpwa wangu Verediana,

Marahaba. Barua yako ilikaa posta siku tano kwa sababu sikupita. Mvua za vuli zilikuja kidogo zikaacha. Mahindi ya bondeni yatatoa kitu, ya mlimani nimewaachia ng'ombe. Mama Richard amecheka habari ya asali. Anasema nusu iliyopotea ni nauli. Richard yupo nyumbani, anatafuta kazi, na wakati huu anatafuta akiwa amelala.

Lami imefika getini. Kutoka Makuyuni mpaka Lodoare mama yako anaweza kulala usingizi. Baada ya geti ni vumbi lile lile.

Sasa na mimi niulize. Mjomba wako ni wakala wa safari. Ofisi yangu iko barabarani, karibu na kituo cha mafuta, na kibao kinaonekana ukiwa mbali. Nimeanza kupanga safari za wageni mwaka 1981, kwanza kwa watu, sasa kwa jina langu. Kwa nini dada yangu aje kreta kwa njia ya kompyuta?

Picha ya kitanda hata mimi naweza kupiga, tena nikapiga kitanda cha jirani. Mwezi wa kumi na moja walikuja vijana wawili wa Kidenmaki waliojipangia kila kitu wenyewe huko kwao. Walifika getini na mabegi mgongoni. Askari akawauliza, "Gari lenu liko wapi?" Wakamwonyesha karatasi. "Na kiongozi wenu?" Wakamwonyesha karatasi ile ile. Walidhani kreta inashukwa kwa miguu, kama ngazi. Saa sita waliletwa kwangu wameungua jua, mmoja analia. Nilimwita Tobiko, dereva mmoja wa Kimasai ninayefanya naye kazi, na saa saba walikuwa njiani. Kompyuta haikuwepo pale kuwafuta machozi.

Wakala anamjua mtu wa hoteli, anamjua askari wa geti, anamjua dereva na mke wa dereva. Likiharibika jambo, una mlango wa kubisha. Niachie angalau gari. Dada yangu akipita mbele ya ofisi yangu ndani ya gari la mtu mwingine, watu wa Karatu wana macho.

Mama yako anajua kwamba umeniandikia?

Mjomba wako,
Bonaventura


Dar es Salaam
27 Februari 2004

Mjomba,

Shikamoo. Tumepokea barua yako, tukafurahi kusikia mko salama. Mtoto alipata surua, sasa amepona. Gideon amehamishiwa tawi la Kariakoo, anarudi nyumbani saa mbili usiku.

Mama hajui kwamba nimekuandikia. Naomba iwe hivyo.

Nimesoma maneno yako kuhusu mawakala na sikatai hata moja. Nami niseme kilichonivutia kwenye mtandao. Kompyuta haijui mgeni mkubwa na mgeni mdogo. Aliyetangulia kuandika jina ndiye mwenye chumba, awe balozi, awe mwalimu wa shule ya msingi Singida. Hakuna mtu nyuma ya meza wa kumwangalia huyu na yule kisha akaamua.

Gari pia nimeshapata, kwenye tovuti ya kampuni moja ya Arusha. Wamekubali kutuchukua hapo Karatu asubuhi ya tarehe tano, saa kumi na mbili. Asante kwa habari ya lami.

Msalimie Mama Richard.

Verediana


Karatu
29 Mei 2004

Mpwa wangu Verediana,

Salamu kutoka kwetu sote. Utanisamehe kwa kuchelewa. Richard ameingia biashara ya vitunguu Mang'ola, nami nilikwenda naye kumwonyesha watu. Tulikaa huko wiki tatu tukisubiri lori. Niliporudi nikaugua malaria. Halafu Mama Richard naye akaugua. Hayo yote ni kweli, ila si sababu ya kuchelewa. Nilianza kukujibu mara mbili nikachana.

Kazi si kama zamani. Tangu Januari nimepata makundi manne. Wengine wananiandikia, wananiuliza njia, hoteli, mwezi mzuri wa kuja, nawajibu kurasa mbili, halafu siwasikii tena. Baadaye namwona Mzungu anapita mtaani na karatasi mkononi, na naona kabisa ni yale majibu yangu.

Mstari wako kuhusu mgeni mkubwa na mgeni mdogo nimeusoma mara nyingi. Sijui ni nani amekuambia nini. Ndugu wengine wanapenda kukuza mambo.

Niandikie jina la hiyo kampuni ya gari. Sitaharibu mpango wako, nataka kulijua jina tu.

Mjomba wako,
Bonaventura


Dar es Salaam
15 Juni 2004

Mjomba,

Shikamoo. Poleni kwa kuugua. Sisi tuko salama. Mama amefanyiwa sherehe na walimu wenzake, wamempa saa ya ukutani na kitenge. Anasema hotuba zilikuwa ndefu.

Hakuna aliyeniambia kitu. Nilikuwepo.

Ilikuwa Juni 1988. Darasa la saba la Mama lilikuwa na watoto arobaini na mmoja. Mimi nilikuwa darasa la tatu, nililia mpaka nikachukuliwa. Wazazi walikuwa wamechanga mwaka mzima. Tulisafiri kutoka Singida kwenye lori la chama cha ushirika, siku mbili, tukalala kwenye ukumbi wa kanisa hapo Karatu. Lori halishuki kreta, kwa hiyo wewe ulikuwa umemwahidi Mama Landrova mbili za ofisi yenu zitushushe kwa zamu. Alikuwa na barua yako. Aliitunza ndani ya daftari la mahudhurio.

Tulifika getini kabla jua halijatoka. Kulikuwa na baridi ambayo watoto wa Singida hawakuijua, na ukungu. Tuliimba. Nyani wakachukua mikate yetu yote, tukacheka. Saa nne tuliacha kuimba. Karibu saa sita ulikuja kwa pikipiki. Ulimvuta Mama pembeni, lakini mimi nilikuwa nimeshika gauni lake. Ulisema, "Dada, jana wameingia Wabelgiji, wamefika siku moja kabla ya tarehe yao. Ofisi imesema magari yawachukue wao kwanza. Mwakani nitawapanga vizuri."

Mama hakupaza sauti. Aliuliza, "Ofisi imesema, au wewe umesema?" Wewe ukaangalia pikipiki.

Aliwageukia watoto akawaambia kwamba kreta imefungwa kwa sababu faru ni mgonjwa na daktari wa wanyama hataki kelele. Wakakubali. Tukarudi Singida. Wazazi nao aliwaambia hivyo hivyo, kwamba faru alikuwa mgonjwa. Wapo waliomwita mwongo mkutanoni, akakaa akawasikiliza. Hakuwaambia kwamba aliyempa ahadi ni kaka yake. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na nilijua, na tangu siku ile mimi na Mama hatujawahi kulitaja. Mkikutana msibani mnasalimiana kama watu wa ofisi moja.

Ndiyo sababu nilitafuta chumba mahali ambapo hakuna mtu nyuma ya meza.

Jina la kampuni nimeliandika nyuma ya karatasi hii, kwa kuwa umeliomba.

Verediana


Dar es Salaam
12 Julai 2004

Mjomba,

Shikamoo. Nimefika salama, nimemkuta mtoto na mafua. Gideon anasalimia.

Nakuandikia yaliyotokea jinsi nilivyoyaona mimi, ili nawe uniambie yale ambayo sikuyaona.

Asubuhi ya tarehe tano tulikuwa nje ya nyumba ya wageni saa kumi na moja na nusu. Mama alikuwa amevaa kile kitenge alichopewa, na sweta mbili juu yake. Saa kumi na mbili ikapita. Nikaipigia kampuni, simu haipatikani. Saa moja nikapiga tena. Nilikuwa na barua pepe zao zote mkononi, nimezichapa, kumi na moja. Nikawakumbuka wale vijana wako wa Kidenmaki.

Mama alikaa juu ya begi lake. Saa moja na nusu akasema, "Basi, mwanangu. Tuulize basi la kurudi."

Saa mbili kasoro ikaja Landkruza ya kijani, kuukuu. Dereva akashuka, Mmasai mrefu aliyevaa koti la mtumba.

"Mwalimu Scholastika?"

"Ndiye mimi."

"Nimetumwa kuwachukua."

"Na nani?"

"Na ofisi."

"Ofisi gani?"

"Ofisi tu, mwalimu," akasema, akaenda kuangalia tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote. Mama akamtazama mgongoni. Nilidhani atakataa. Akaingia, akakaa mbele.

Nilimjua ni Tobiko kabla hajasema jina lake.

Tulishuka saa tatu na nusu. Chini, Mama alimsimamisha Tobiko kila mara, akiuliza jina la nyasi, la ndege, la kijito, na akiandika. Viboko aliwatazama nusu saa. Faru tulimwona kwa mbali, kama jiwe jeusi. Alimtazama kwa darubini mpaka mikono ikachoka, ikabidi Tobiko amshikie. Akasema tu, "Ziwa nimelichora upande usio wake. Miaka thelathini na miwili." Kisha akacheka kidogo na kuomba maji.

Tulilala pale juu. Chumba kilikuwepo, jina la Mama liliandikwa kwenye kadi mlangoni, na kitanda kilikuwa kile kile cha kwenye picha. Hilo lazima niliseme pia.

Asubuhi Tobiko alipokuja kutuchukua, Mama akamwambia, "Sasa nipeleke kwa hiyo ofisi iliyokutuma." Tobiko akaniangalia. Mimi nikaangalia dirishani. Akatuleta moja kwa moja mpaka nyumbani kwako. Mama akashuka na begi lake, akaniambia, "Wewe nenda, utachelewa basi." Nilikuona umesimama mlangoni ukiwa umeshika kofia. Basi langu lilikuwa saa nne, na kesho yake nilitakiwa kazini. Nikaondoka.

Nampigia simu kila siku mbili. Anasema hajambo, anauliza mtoto, anakata. Niambie, mjomba.

Verediana


Karatu
24 Julai 2004

Mpwa wangu Verediana,

Marahaba. Pole kwa mafua ya mtoto, mpeni tangawizi. Richard yuko Mang'ola na vitunguu vyake, safari hii vimepata soko. Mama Richard mzima.

Nitakuandikia kwa mpangilio.

Barua yako ya Juni niliipata tarehe mosi Julai. Niliisoma nikiwa nimesimama posta, nikairudia nyumbani. Kesho yake nikapanda basi kwenda Arusha na lile jina la kampuni. Anwani ilinipeleka kwenye saluni ya nywele. Binti aliyekuwa akisuka mtu akaniambia vijana wale walipanga chumba cha nyuma, wakahama kabla ya Pasaka, hata kibao chao walikiacha. Hakuna gari aliloliona yeye. Zile picha walipiga kwenye maegesho ya hoteli.

Namba yako nilikuwa nayo na sikupiga. Ningepiga, mama yako angejua gari linatoka kwangu kabla hajapanda, na asingepanda.

Jambo ambalo sikukuandikia mwaka huu wote ni kwamba sina gari. Nililiuza mwaka jana. Kibao kipo, meza ipo, gari halipo. Ndipo nikamwendea Tobiko. Nilimuuliza mara tatu kama ana mgeni tarehe tano, kama kuna mtu yeyote tunamnyang'anya. Akaapa hana. Nikamwambia asubiri mpaka saa mbili karibu na ile nyumba ya wageni mliyofikia, niliyokuwa nimeiulizia mjini, labda hao watu wenu watakuja. Sikutaka tena kumtoa mtu kwenye nafasi yake, hata kama ni tapeli.

Sasa habari ya mama yako. Aliingia, akakataa kiti. Mama Richard akaleta chai, akaiweka mezani na kutoka. Nikaanza kusema maneno niliyoyapanga. Akaninyamazisha kwa kidole, kama mwanafunzi.

"Wale Wabelgiji," akasema. "Niambie waliona nini."

Verediana, ningeweza kudanganya. Nimefanya kazi hii miaka mingi, najua kusifia safari.

Nikamwambia, "Hawakuona kitu."

"Kitu gani hawakukiona?"

"Chochote. Yule bibi wao mkubwa aliogopa kushuka kwenye ukungu. Akasema wasubiri uondoke. Haukuondoka. Magari yote mawili yalikaa pale juu ukingoni, madereva wanacheza karata, mpaka saa tisa. Halafu wakaomba kurudishwa Karatu."

"Saa tisa."

"Ndiyo, dada."

"Sisi tuliondoka getini saa saba."

"Najua."

"Na wewe ulijua lini?"

"Jioni ile ile. Mlikuwa bado hamjafika Mto wa Mbu. Na ofisi haikusema kitu. Nilisema mimi. Niliogopa wageni wakilalamika nitafukuzwa."

Hilo la mwisho sikuwahi kumwambia mtu, hata mke wangu.

Kisha akasema polepole, "Miaka kumi na sita nimejua kwamba wao angalau walimwona faru."

Mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia, nikasimama sijui nifanye nini. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka Mama Richard akaja mbio kutoka jikoni, mpaka akakivuta mwenyewe kile kiti alichokikataa, akakaa, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Akawa anatulia, kisha anasema "Karata!" na kuanza upya. Sijamsikia akicheka hivyo tangu tukiwa watoto tunachunga pamoja. Mimi sikucheka. Sikuona kama ninayo haki.

Alipomaliza akasema, "Usifikiri nimemalizana na wewe, Bonaventura. Nimechoka na nina njaa." Akala makande sahani mbili.

Hajasema kwamba amenisamehe, nami sijamuuliza. Siku nyingine tunakaa vizuri, tunaongea habari za wazazi. Siku nyingine anakumbuka kitu, jina la mtoto fulani aliyekuwa kwenye lori lile, ananiambia jina hilo na alivyoishia, mmoja ni nesi, mmoja alikufa, kisha hatuongei mpaka jioni. Nasikiliza. Amefika mtoto wa ishirini na tatu.

Ofisi naifunga mwisho wa Agosti. Si kwa ajili ya haya. Wageni wameshajua njia.

Najua utauliza anarudi lini. Anasema ataondoka Jumamosi. Leo ni Jumamosi ya tatu tangu aanze kusema hivyo. Asubuhi begi lake lilikuwa mlangoni, limefungwa. Sasa ni saa tano, basi limeshapita, na yeye yuko shambani na Mama Richard wanachuma mbaazi.

Mjomba wako,
Bonaventura